Mamdani kabla ya umeya: msihesabu miswada peke yake

Tangu Zohran Mamdani ashinde umeya wa New York Novemba 2025, huku kwetu tumemshangilia kwa kuzaliwa Kampala na kwa baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, aliyefundisha Dar es Salaam na Makerere. Sawa, ni wetu. Ila kinachonivuta mimi ni miaka yake kwenye bunge la jimbo zima la New York, kuanzia Januari 2021, akiwakilisha mtaa wa Astoria, Queens.

Wapinzani walimsema sana kwamba miswada yake iliyopata kuwa sheria ni mitatu tu. Kweli ni michache. Lakini anayetaka kumpima aanzie kwa madereva wa teksi.

Leseni ya kumiliki teksi ya njano, wenyewe wanaiita medalioni, ilifika zaidi ya dola milioni moja mwaka 2014. Wahamiaji walikopa wakanunua. Uber zikajaa barabarani, bei ikaporomoka, deni likabaki palepale. Wapo waliodaiwa zaidi ya dola 500,000. Mwaka 2018 madereva kadhaa walijiua. Dereva wa bodaboda anayekimbizana na marejesho ya pikipiki hahitaji kuelezwa hali hiyo.

Suala la deni hilo lilikuwa la Jiji na wakopeshaji. Mbunge wa jimbo angeweza kusema halimhusu, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye Oktoba 2021 aliungana na madereva nje ya ukumbi wa Jiji kwenye mgomo wa kula, siku 15. Novemba 3 yakapatikana makubaliano: mikopo ishuke hadi dola 170,000, Jiji liidhamini, na marejesho yasizidi dola 1,122 kwa mwezi. Sifa kubwa ni ya madereva na chama chao, waliokuwa wamekesha pale tangu Septemba. Lakini alikuwepo, na alikaa na njaa pamoja nao.

Kwenye mabasi ya bure hakufika mbali vile. Alisaidia kupata jaribio la njia tano, moja kila wilaya ya jiji, kuanzia Septemba 2023. Abiria wa siku za kazi waliongezeka kwa takriban asilimia 30, na bado Albany, makao ya bunge la jimbo, ikaliacha jaribio life baada ya mwaka. Hapo udhaifu wake ulionekana: uwanjani ana watu, bungeni kura hazikutosha.

Na mabasi hayo hadi leo yako chini ya mamlaka ya jimbo. Akitaka yawe bure jiji zima, lazima arudi kuwaomba walewale aliowaacha Albany. Mimi nitafuatilia bajeti yao kuliko hotuba zake.