Hela ya PhD ya ustawi wa jamii: hebu tuanze na ile 47 na 18

Kuna hoja inazunguka sana hapa Dodoma na wanaoisema sio watu wa hovyo: hela ya umma isimsomeshe mtu PhD ya ustawi wa jamii kwenda kuchunguza sera za serikali wakati kuna kata hazina hata afisa ustawi mmoja. Ajiri kwanza, udokta usubiri. Inaingia akilini haraka, ndio maana inapendwa.

Sasa chukua namba mbili. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, ule wa kaya, wa 2015-16 ulisema Dodoma wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa ni asilimia 47. Wa 2022 ukasema 18. Kwenye semina hizi namba zinapigiwa makofi, na ni kweli zinafurahisha, ila kaa nazo kidogo. Aliyekeketwa na alikuwa na miaka 20 mwaka 2015, mwaka 2022 ana 27 na bado amekeketwa, hiyo kitu hairudi. Ndani ya miaka saba kundi linapoteza wakubwa waliovuka 49 na linapokea wasichana waliokuwa chini ya 15, basi. Hata tuseme kati ya hao walioingia hakuna hata mmoja aliyeguswa na wembe, bado hesabu haikufikishi 18, ukijitahidi sana utaishia thelathini na kitu.

Kilichobaki kimeenda wapi? Inawezekana ni wageni, maana serikali ilianza kuhamia huku 2016 na mkoa umetoka watu milioni 2.08 kwenye sensa ya 2012 hadi milioni 3.09 ya 2022, wakiwemo waliotoka sehemu ambazo hazina kabisa mila hiyo. Inawezekana sampuli ya mkoa ni ndogo, namba inayumba. Inawezekana pia watu wamejifunza kujibu, kwa sababu tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni jinai, sasa nani atamwambia ukweli mgeni aliyekuja na kishikwambi asubuhi na jioni hayupo?

Halafu kuna lawalawa. Wenyeji wa huku na Singida wanaijua, ni maradhi ya sehemu za siri ambayo Wagogo na Wanyaturu wengi waliamini yanatibiwa kwa kukeketa. Sheria ilipokaza shughuli haikufa yote, sehemu yake ilihama kutoka kwa wasichana wakubwa na ngoma zao ikaenda kwa watoto wachanga, kimya kimya, ndani ya nyumba. Mtoto aliyekatwa ana wiki chache atakua bila kujua na siku akiulizwa atasema hapana kwa moyo mweupe kabisa. Yaani sheria nzuri, yenye nia nzuri, huenda imesogeza kisu kwa mtoto asiyeweza hata kusimulia, na dodoso letu linasoma huo ukimya kama mafanikio. Sisemi ndivyo ilivyo kwa zile asilimia zote. Nasema hatuwezi kujua kwa kuhesabu tu.

Anayeweza kujua ni mtafiti wa ustawi wa jamii aliyekaa wilaya za huku kama Bahi au Chamwino mpaka mama mwenye nyumba anamtuma chumvi dukani, na ambaye kwa taaluma yake akikuta mtoto yuko hatarini anajua pa kuanzia, haishii kuandika kwenye daftari. Mchumi atapiga hesabu vizuri kumzidi, sibishi. Tena utafiti wa hesabu umetusaidia, maana mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wa kulipa kaya maskini kwa masharti ulijaribiwa kwanza Bagamoyo, Kilosa na hapa hapa Chamwino, vijiji 80, nusu vikapewa nusu vikasubiri, ikaonekana waliopewa wamekata zaidi CHF, ile bima ya afya ya jamii, na kununua mifugo, na mpango ukaja kuenda nchi nzima kwa kaya zaidi ya milioni. Ila wachambuzi wa jaribio lile walitoka Benki ya Dunia na taasisi za nje, na ripoti ya namna ile haikai na bibi aliyefutwa kwenye orodha akaona aibu kuuliza kwa nini.

Sasa wanaopinga wana haki yao. Thesis nyingi zinaishia maktaba, hazimfikii hata mkurugenzi wa halmashauri aliyesaini barua ya ruhusa, na wapo wanaotaka tu kuitwa dokta halafu wakimbilie konsaltansi. Kweli. Lakini angalia zinavyotengenezwa. Mwanafunzi wetu wa PhD mara nyingi ni mhadhiri mwenye vipindi, barua inatoka chuo inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka halmashauri, kwa mtendaji wa kata, wa kijiji, kila kituo nauli, halafu mkalimani wa Kigogo naye anataka posho, na likizo inaisha, kwa hiyo anagawa madodoso wiki mbili anarudi. Hapo vumbi la maktaba lilishaanza kabla hajaandika. Na hiyo ya ajira, kujaza kata maafisa wa kusimamia sheria ambayo hatujui imefanya nini majumbani ni kuwatuma gizani.

Hoja nzito kwangu ni nyingine: anayelipa atataka asifiwe. Tumeona Sheria ya Takwimu ya 2015 ilivyorekebishwa 2018 ikawa hatari kutoa takwimu zinazopingana na za serikali, mpaka ikalegezwa 2019. Mwanafunzi gani atachunguza wizara kwa hela ya wizara? Marekani chama cha wana taaluma hii, NASW, kupitia mfuko wake kina feloshipu ya Eileen Blackey kwa tasnifu za sera za ustawi, na ya Jane B. Aron kwa sera za afya. Zinachangia tu gharama, ila hazipiti wizarani. Sisi Samia Skolashipu ilianza 2022/23 na watoto wa sayansi wa kidato cha sita, HEET, mradi wa kuboresha vyuo vikuu, ina dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia na vipaumbele vyake, ustawi wa jamii inasubiri mlangoni. TASWO, chama cha wana ustawi wa jamii wa hapa kwetu, wangeweza kuanza na kamfuko kadogo, serikali ikachangia bila kukaa kwenye kamati ya kuchagua.

Hela yenyewe iwe ya kukaa kijijini na ya kumlipa anayemshikia vipindi chuoni, itolewe kwa awamu, na awamu ya mwisho itoke matokeo yakishasomwa kwa Kiswahili kijijini na kwenye baraza la madiwani, hata kama wanaangalia saa ya chakula. Na mtafiti akiombwa na mkubwa fulani alainishe sentensi akakataa, alipwe vilevile.