Wiki tatu zilizogeuka miaka 26

Juni 1986, chini ya miezi miwili baada ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl kulipuka, serikali ya Uingereza iliwazuia wafugaji wa milima ya Cumbria kuuza kondoo wao. Waliambiwa ni wiki tatu tu. Zuio la mwisho liliondolewa mwaka 2012. Anayetaka kujua jinsi mionzi inavyofika kwenye sahani ya mtu na aanzie hapa, kwa sababu mvutano wa mtaalamu na mfugaji uliozuka huko haujaisha.

Wataalamu hawakukurupuka. Walijua kwamba sesiamu-137, dutu yenye mionzi iliyotoka Chernobyl na ambayo huchukua miaka 30 kupungua nusu, inafanana kitabia na potasiamu, madini ambayo mimea na wanyama huyahitaji, hivyo mmea huivuta kupitia mizizi na mnyama huihifadhi kwenye nyama. Walijua pia kwamba udongo wa mfinyanzi huing'ang'ania, mizizi ikaikosa. Wakapiga hesabu: majani yaliyonyeshewa mvua ya mwanzoni mwa Mei, iliyoshusha sesiamu kutoka hewani, yataliwa, kondoo wataitoa mwilini kwa mkojo na kinyesi, majani mapya yataota safi. Kwa mashamba ya bondeni hesabu ilikuwa sawa. Kule juu, ardhi ni mboji nyeusi yenye tindikali na mfinyanzi ni haba. Sesiamu haikuzama ikatulia. Ilitoka kwenye udongo ikaingia kwenye jani, ikaingia kwa kondoo, ikarudi udongoni na kinyesi, msimu baada ya msimu.

Wafugaji hawakuwa na kipimo chochote, ila walimjua mnyama wao. Mtaalamu mmoja aliposhauri kondoo walishwe nyasi kavu za mabua ili wasipande mlimani, walishangaa: kondoo wa milimani hagusi kitu hicho. Lilipofanyika jaribio la kumwaga madini ya kunyonya sesiamu kwenye vipande vya malisho vilivyozungushiwa uzio, walionya kwamba kondoo aliyezoea kuzurura akifungiwa hudhoofika na halishi kama kawaida, kwa hiyo vipimo vitapotosha. Jaribio liliachwa. Naona hapo ndipo imani ilipovunjika, si kwa sababu wataalamu walikosea, bali kwa sababu walizungumza kwa uhakika ambao ardhi ile haikuwapa.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema ujuzi wa mwenyeji ungetosha. Mionzi haina harufu, haina ladha, na kondoo mwenye kupita kikomo cha bekereli (kipimo cha mionzi) 1,000 kwa kilo ya nyama anaruka na kulia kama mwenzake. Wafugaji wengi walishuku kwamba sumu hiyo ilikuwepo kabla, tangu moto wa mwaka 1957 kwenye kinu cha Windscale, jirani yao, ambao ulisababisha maziwa ya eneo la kilomita za mraba 500 hivi kumwagwa kwa hofu ya iodini-131, dutu nyingine yenye mionzi. Shaka hiyo ilikuwa na msingi, lakini jibu lake liko maabara: sesiamu-134, ndugu ya sesiamu-137, hupungua nusu kwa miaka 2 tu, hivyo uwiano wake na sesiamu-137 huonyesha ipi ni mpya na ipi ni ya zamani. Hakuna mchungaji anayeweza kulitambua hilo kwa macho.

Suala gumu zaidi lilikuwa kaskazini, kwa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Norway na Sweden, ambao maisha yao ni reinidia, kulungu wafugwao wa nchi za theluji. Wakati wa baridi reinidia hula likeni, ukoga usio na mizizi unaonyonya chakula chake kutoka hewani na kwenye mvua, na kwa hiyo uliidaka sesiamu moja kwa moja. Sweden iliweka kikomo cha bekereli 300, na nyama nyingi ikapakwa rangi ya buluu ili watu wasiile, ikawa chakula cha minki, wanyama wadogo wanaofugwa kwa ajili ya manyoya. Fikiria uchungu wa kumchinja mnyama uliyemlea, kisha kumwona akipakwa rangi.

Norway ilichukua njia nyingine. Novemba 1986 ilipandisha kikomo cha nyama ya reinidia kutoka bekereli 600 hadi 6,000. Hoja yake ilikuwa kwamba Mnorwe wa kawaida hula nyama hiyo mara chache mno, hivyo hatari kwake ni ndogo, ilhali kikomo kikali kingeua ufugaji wa Wasami. Wapinzani wana neno la haki: anayekula reinidia karibu kila siku ni Msami mwenyewe, na kikomo kilichookoa soko lake hakikukinga mwili wake. Mimi naiunga mkono Norway, kwa sharti moja ambalo nayo ililitimiza. Wafugaji walipimwa miili na kupewa ushauri wa chakula, na wanyama walipewa malisho safi wiki kadhaa kabla ya kuchinjwa, pamoja na mabonge ya chumvi yenye buluu ya Prussia, kemikali ya rangi inayoizuia sesiamu isipenye kutoka tumboni. Bila hayo, 6,000 ingekuwa namba ya kuwatelekeza watu. Mwaka 1994 ilishushwa hadi 3,000.

Kisha mwaka 2014 uyoga ulistawi sana porini Norway. Uyoga huikusanya sesiamu kuliko mimea mingi, na reinidia wanaupenda. Huko Vågå vipimo vikapanda kupita bekereli 8,000, miaka 28 baada ya mlipuko, na uchinjaji ukaahirishwa hadi sesiamu ipungue miilini mwao.