Kwa Nini Ningelipia Kori 16 na Kuziacha 28

Sacco, kliniki na shule za hapa Kisumu zinapotafuta seva, makadirio ya bei yanayofika mezani huwa karibu yote ya aina moja: mashine ya ex-UK yenye prosesa mbili za Intel Xeon za familia ya E5, inayouzwa kwa bei ya laptopu nzuri. Maoni yangu ni kwamba taasisi ndogo ambayo seva yake haizimwi usiku wala mchana haifai tena kununua mashine ya namna hiyo hata ikipunguziwa bei, na kwamba ni afadhali iongeze pesa kidogo ichukue prosesa moja ya kizazi cha karibu zaidi, ingawa ina kori chache, yaani vitengo vya kufanya kazi vilivyo ndani ya prosesa. Najua mweka hazina aliyetumwa na mkutano mkuu kubana matumizi hatafurahia kusikia hivyo.

Tuchukue mfano wa prosesa mbili ambazo huonekana sana katika soko la vifaa vilivyotumika. Ya kwanza ni Xeon E5-2680 v4 ya mwaka 2016, yenye kori 14, kasi ya msingi ya gigahezi 2.4 na kiwango cha wati 120. Zikifungwa mbili kwenye mashine moja zinakuwa kori 28 na wati 240. Ya pili ni AMD EPYC 7302P ya mwaka 2019, yenye kori 16, gigahezi 3.0 na wati 155, na ile herufi P humaanisha kwamba imeundwa kufanya kazi peke yake, bila mwenzake kwenye ubao mkuu wa seva. Muuzaji mwerevu atazidisha kori kwa gigahezi, apate 67 upande wa Xeon na 48 upande wa EPYC, kisha atakuuliza kwa upole ni kwa nini ulipe zaidi ili upate kidogo.

Kuzidisha huko hakuna maana, kwa sababu gigahezi huhesabu mapigo ya saa tu, wala hazisemi ni kazi kiasi gani inakamilika katika kila pigo. Prosesa zote mbili hufika gigahezi 3.3 zikisukumwa, lakini ile ya 2019 hukamilisha maagizo mengi zaidi kwa kila pigo, ina kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya megabaiti 128 dhidi ya 35 za kila Xeon, na huzungumza na RAM kupitia njia nane za DDR4-3200 (namba kubwa ni kasi kubwa), ilhali kila Xeon ina njia nne za DDR4-2400. Isitoshe, Xeon mbili zina kumbukumbu iliyogawanyika: kori ya upande mmoja inapohitaji data iliyo kwenye RAM ya upande wa pili, ni lazima ivuke kwa mwenzake na kusubiri.

Kusubiri huko ndiko kunakoonekana kwa macho mwisho wa mwezi. Mfumo wa sacco unapokokotoa riba na kufunga hesabu, mara nyingi kazi hiyo hupangwa kwa mfuatano, akaunti baada ya akaunti, katika mchakato mmoja. Fundi akifungua skrini ya kufuatilia mzigo ataona kori moja imejaa asilimia mia na nyingine 27 hazina la kufanya, huku karani wa dirishani akimwambia mwanachama, "Subiri kidogo, mama, sistimu iko polepole." Kuongeza kori hakumsaidii karani huyo hata kidogo. Ni kweli kwamba kazi inayogawanyika vizuri, kwa mfano kubadilisha faili za video au kuendesha mashine pepe nyingi (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja) kwa pamoja, hutumia zile 28 zote, na hapo mashine hizi mbili hukaribiana sana. Lakini hata hapo zilipokaribiana, bei zilipokuwa mpya zilikuwa mbali: Xeon mbili zilikuwa dola 3,490 katika orodha ya Intel, na EPYC hiyo ilitoka kwa dola 825.

Bei za orodha nazo zina siasa zake. Mwezi wa Februari 2020, ushindani ulipozidi, Intel ilitoa Xeon Gold 6258R ya kori 28 na gigahezi 2.7 kwa dola 3,950, ilhali Platinum 8280, yenye idadi hiyo hiyo ya kori na kasi hiyo hiyo ya msingi, ilikuwa imeorodheshwa kwa dola 10,009. Tofauti kubwa ni kwamba 8280 inaweza kufungwa nane kwenye mashine moja na 6258R mbili tu, jambo lisilomhusu mteja yeyote ninayemjua kuanzia Nakuru hadi Busia.

Gharama ambayo watu husahau kabisa ni leseni. Windows Server hulipiwa kwa kori, kuanzia kori 16 kwa kila seva, na kila kori iliyomo lazima ilipiwe, itumike isitumike. Mashine ya kori 16 inatosha hapo hapo. Ya kori 28 inaongeza asilimia 75 ya gharama ya leseni. SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft, nayo, ikinunuliwa kwa mpango wa kori, huenda njia hiyo hiyo. Anayetumia Linux na hifadhidata ya PostgreSQL, ambazo ni za bure, hana shida hii, naye nampongeza.

Halafu kuna stima. Wati za kwenye karatasi si matumizi halisi, lakini tukikadiria kwamba mashine ya prosesa mbili, pamoja na feni na RAM zake za ziada, inakula wati 100 zaidi ya nyingine kwa saa zote za mwaka, hizo ni uniti 876. Kwa shilingi 25 kila uniti ni shilingi 21,900 kwa mwaka, au 109,500 kwa miaka mitano, kabla ya kulipia kiyoyozi cha kuondoa joto hilo katika chumba ambacho kwa kawaida kilikuwa stoo. Stima ikipotea, mzigo huo huo hupunguza dakika ambazo betri za UPS zitakupa kabla jenereta haijawaka.

Simaanishi kwamba mtu akimbilie toleo la juu kabisa. Mwaka 2024 AMD ilitoa EPYC yenye kori 192 na wati 500. Kuinunulia sacco ya kijijini ni sawa na kukodi trela la miwa kupeleka gunia moja la omena sokoni Kibuye. Wala sina ugomvi na Intel: pale ambapo fundi wa karibu ana vipuri vya Xeon za karibuni na anazielewa, hiyo ni thamani ambayo vipimo vya maabara havionyeshi. Lakini E5 zina mzigo wa ziada, kwa kuwa udhaifu wa kiusalama uitwao Meltdown, uliotangazwa Januari 2018, huzigusa, na viraka vya programu vya kuuziba hupunguza kasi, hasa kwenye kazi za hifadhidata. EPYC hazikuguswa na huo, ingawa udhaifu mwenzake, Spectre, ulizigusa.

Tahadhari moja kwa atakayekubaliana nami. Baadhi ya watengenezaji wa seva hufunga prosesa za EPYC kwa mfumo wa usalama unaozifanya zikatae kuwaka kwenye ubao wa kampuni nyingine, na kufuli hilo halifunguki tena. Ukinunua prosesa iliyotumika bila seva yake, uliza ilitoka kwenye mashine ya kampuni gani, na ulipe baada ya kuiona ikiwaka kwenye ubao ule ule utakaoutumia.