Ta'min ya Oman na ushindani unaopimwa upande mmoja

Ukisoma ripoti za ushindani wa uchumi za Jukwaa la Uchumi Duniani, kwenye kurasa za nchi za Kiarabu, utakuta Oman ina doa moja lisilofutika. Katika matoleo kadhaa ya muongo uliopita, wafanyabiashara walipoulizwa kitu gani kinawakwamisha zaidi kule, jibu lililoongoza lilikuwa kanuni za kazi. Walichokusudia ni ta'min, sera inayomtaka mwajiri awape Waomani sehemu maalumu ya nafasi zake. Kwenye toleo la 2012/13 Oman ilikuwa ya 32 duniani. Kufika toleo la 2016/17 imeporomoka hadi ya 66. Katikati hapo bei ya mafuta ilianguka vibaya, lakini waliokuwa wakitafuta mchawi hawakuhangaika na mafuta. Mchawi walikwishamjua, anakaa wizara ya kazi.

Sina ugomvi na namba hizo. Ninachotaka kujua ni nani aliyeulizwa. Dodoso lile hujazwa na wakuu wa makampuni. Kumuuliza mwajiri kama angependa kuajiri mtu yeyote, kutoka nchi yoyote, kwa mshahara wowote, ni kama kumwomba fisi maoni juu ya bei ya nyama. Na tusisahau kwamba ile ripoti nyingine iliyotetemesha mawaziri, ya Benki ya Dunia kuhusu wepesi wa kufanya biashara, ilizikwa Septemba 2021 baada ya kugundulika kasoro kwenye takwimu za nchi kadhaa, Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu zikiwemo.

Malalamiko ya waajiri yana uzito, hata hivyo. Tangu Julai 2013 Mwomani aliye sekta binafsi ana kima cha chini cha riyali 325 kwa mwezi, kama dola 845. Mgeni hana kima cha chini chochote. Viwango vilivyotangazwa Oktoba 1994 vilitaka asilimia 60 ya wafanyakazi wa usafirishaji na mawasiliano wawe wenyeji, 30 kwenye mahoteli, 15 kwa makandarasi, na tangu hapo kila waziri amekuwa akiongeza kifungo chake. Januari 2018 viza za wageni kwenye fani 87 zilifungwa kwa miezi sita, kisha zikafungwa tena. Mwaka 2021 ada ya kibali cha mgeni wa ngazi ya juu ikapandishwa mpaka riyali 2,001. Mwenye mtaji wa kiwanda akitandika ramani ya Ghuba mezani, anaona Jebel Ali, bandari ya Dubai, iko saa chache tu kwa gari kutoka Sohar, mji wa bandari wa Oman. Kwa nini asivuke mpaka?

Basi twende huko huko Sohar.

Mwaka 2002 serikali ilishirikiana na Bandari ya Rotterdam kujenga bandari na eneo la viwanda mjini humo kwa viwango vya kimataifa: gati za meli kubwa, kiwanda cha kuyeyusha alumini, kinu cha kusafisha mafuta. Kwa kipimo cha mwekezaji, hapakukosekana kitu. Mwishoni mwa Februari 2011 vijana wa mji huo walijazana kwenye mzunguko wa barabara wenye mnara wa tufe la dunia wakidai kazi. Polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Supamaketi kubwa ikachomwa moto. Barabara ya kwenda bandarini ikazibwa, malori hayaingii wala hayatoki. Watoto hao walikulia jirani na viwanda. Mabasi ya wafanyakazi wa kigeni yalikuwa yakiwapita alfajiri kwenda kazini, na wao na vyeti vyao wamekaa kibarazani. Sultani Qaboos aliahidi nafasi 50,000 za kazi, na posho ya riyali 150 kwa mwezi kwa anayetafuta. Miaka kumi baadaye, Mei 2021, Sohar ikatoka tena barabarani, na mrithi wake, Sultani Haitham, akaagiza zitafutwe nafasi mpaka 32,000.

Katika jedwali lile la ushindani sijaona safu inayoandikwa bandari iliyozibwa na watoto wa mji wenyewe. Siku moja ya foleni ile ilikula faida kuliko wanayoipunguza makarani wachache wa Kiomani kwa mwaka mzima.

Najua atakachojibu mtu wa chama cha wafanyabiashara: nafasi zile za 2011 nyingi zilikuwa za serikali na vyombo vya ulinzi, na matokeo yake Waomani waliokuwa tayari sekta binafsi wakaandika barua za kuacha kazi wakakimbilia huko. Ni kweli. Mwajiri aliyemfundisha kijana miaka miwili akaachwa mikono mitupu. Lakini hilo ni kosa la hazina ya mafuta kununua utulivu. Ta'min ilikuwa imewapeleka kule kule walikotakiwa wawe.

Kuna kitu nilikiona nikiwa kwa shangazi yangu Mabela, nje kidogo ya Muscat, ambacho hakitoki kichwani kila mjadala huu unapoanza. Gari la mitungi ya gesi lilisimama mlangoni, honi mbili fupi. Dereva ni Mwomani, kwa sababu kuendesha gari lile, kama teksi, ni kazi iliyotengwa kwa wenyeji. Alishusha kioo, akamwamkia shangazi kwa Kiswahili, akapokea pesa. Aliyeruka kutoka nyuma, akaubeba mtungi begani mpaka jikoni, akapiga magoti kufunga mpira na kunusa kama unavuja, alikuwa Mbangladeshi. Shangazi akampa maji ya baridi. Dereva hakuzima hata injini.

Mpinzani wa ta'min ataniambia: si unaona? Kazi ya mtu mmoja inafanywa na wawili, na mmoja analipwa kwa pasipoti yake. Mimi nauliza yule wa pili ametokea wapi. Yupo kwa sababu bei yake ni ndogo mno. Angekuwa analipwa karibu na dereva, dereva angeteremka mwenyewe, au mwenye gari angefunga mkono wa kushushia mitungi. Mtu akiwa rahisi kuliko mashine, mashine hainunuliwi. Nenda kwenye ujenzi wowote wa Ghuba uhesabu watu wanaofanya kwa sepetu kazi ambayo kwingine inafanywa na mtambo mmoja.

Na bei yake ni ndogo kwa sababu ya kafala, mfumo wa udhamini. Mgeni amefungwa kwa kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini. Tangu 2014, aliyetaka kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya ruhusa, ile ambayo Muscat nzima wanaiita NOC, alikuwa anazuiwa kurudi nchini kwa miaka miwili. Mtu asiyeweza kuhama hawezi kudai nyongeza. Kwa hiyo kijana wa Sohar anapoambiwa "hushindani", anashindanishwa na mtu aliyefungwa miguu, na huyo aliyefungwa miguu ndiye anayesifiwa kwa kutotembea. Wenye makampuni wanauita huo soko huria.

Namba inayorushwa sana dhidi ya sera hizi inatoka Saudi Arabia. Mwaka 2011 Wasaudi walianzisha Nitaqat, mpango wa kuyapaka makampuni rangi kwa idadi ya Wasaudi yaliowaajiri: ya kijani yanapata viza kwa wepesi, mekundu yanabanwa. Mwanauchumi Jennifer Peck aliupima, na utafiti wake ulichapishwa 2017. Katika miezi kama 16, ajira za Wasaudi ziliongezeka kwa 63,000. Katika muda huo huo, makampuni kama 11,000 yalifungwa kwa sababu ya mpango huo. Gawanya mwenyewe: kila ajira sita hivi, kampuni moja imekwenda kaburini. Namba hiyo ikitajwa ukumbini, watu hutikisa vichwa, mjadala ukaishia hapo.

Nimeigeuzageuza mara nyingi. Kampuni ni kitu gani? Chukua duka la vifaa vya umeme lenye wafanyakazi 15. Kibao cha juu kina jina la mwananchi, lakini mwananchi huyo hajui hata bei ya balbu. Anayenunua mzigo, anayekopa, anayefungua asubuhi na kufunga usiku ni mgeni, na mwisho wa mwezi anapeleka bahasha kwa mwenye jina. Waarabu wenyewe wana neno lao, tijara mustatira, biashara ya kificho. Nyingine hazina hata balbu, zilisajiliwa ili kupata viza na kuziuza kule Dhaka au Kerala kwa wanaokopa kuzinunua. Kampuni kama hiyo ikifungwa, inahesabiwa moja, sawa na kiwanda cha mabomba kilichofungwa kwa kukosa mafundi. Kati ya 11,000 zile zimo za aina zote mbili, na jumla ile haikuonyeshi zipi ni zipi. Kwa hiyo anayeitumia kama hukumu amerukia ukurasa wa mwisho.

Pamoja na hayo siwezi kuipita haraka, maana ndani ya kila kampuni ile, ya kweli na ya kificho, kulikuwa na watu waliopoteza riziki bila kosa, na wengi walikuwa wamekopa kufika hapo. Oman iliona jambo la namna hiyo mwaka 2020: zaidi ya wageni 200,000 waliondoka, kwa korona, kwa mafuta, na kwa ta'min vikichanganyika. Walioumia baadaye ni Waomani wenye nyumba za kupangisha na vinyozi wasio na vichwa vya kunyoa.

Kwa mfano wa sera hii ikifanya kazi, tazama mabenki ya Oman. Huko wenyeji wamepita asilimia 90, kuanzia kaunta mpaka ofisi za juu, na mabenki hayo yanapata faida na yanashindana na ya jirani. Sijawahi kusikia mtu akisema benki ya Muscat ingekwenda vizuri zaidi kama mtunza fedha angekuwa Mfilipino. Kilichotokea ni kwamba kazi ile ina ngazi: unaingia karani, unasomeshwa, unapanda. Kijana anavumilia mwaka wa kwanza kwa sababu anauona wa kumi.

Hapa ndipo wapinzani wananipata, na wananipata kupitia watu wetu wenyewe. Baada ya 1970, Qaboos alipoirithi nchi yenye shule tatu na kilomita kama kumi za lami, waliojaza madawati ya wizara, mabenki na kampuni ya mafuta wengi walikuwa Waomani waliorudi kutoka Zanzibar na bara la Afrika Mashariki. Kiarabu chao kiliwachekesha wenzao, lakini walikuwa wamesoma, wanajua Kiingereza, wanajua kuweka faili. Wakati huo ta'min haikuwapo, ilianza 1988. Walipata kazi kwa sababu shule ilitangulia, na asilimia iliyoandikwa na waziri haiwezi kuzaa kitu hicho. Anayetaka kuilaumu ta'min kwa haki angeanzia hapa: imehesabu vichwa miaka mingi kabla ya kuhesabu ujuzi.

Na mahali panapohesabiwa vichwa, vichwa hupatikana. Sisi tunawajua wafanyakazi hewa, kwa hiyo hatuhitaji kuelezwa jinsi jina la binti wa watu linavyoweza kuwa kwenye orodha ya mishahara na yeye yuko nyumbani Nizwa anapokea kila mwezi ili kampuni itimize kiwango. Falme za Kiarabu zimeelekea huko huko: tangu 2022 kampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi iongeze wenyeji kwa asilimia 2 ya kazi za ujuzi kila mwaka, na kila nafasi isiyojazwa ilianza kwa faini ya dirhamu 6,000 kwa mwezi. Ajira za kubuni zikafuata, na serikali ikabidi ianze kuzisaka.

Kwa maoni yangu hatua iliyosaidia ushindani wa Oman kuliko zote haikuandikwa kama ta'min kabisa. Ni ile ya Januari 2021, NOC ilipofutwa, na mgeni aliyemaliza mkataba akaruhusiwa kuhamia kwingine bila kumbembeleza kafili. Siku ile bei ya mfanyakazi wa kigeni ilianza kusogea kuelekea thamani yake, na kwa hiyo bei ya Mwomani ikaanza kuonekana si kubwa sana. Mwaka uliofuata ile ada ya riyali 2,001 ikashushwa mpaka 301, na aliyetimiza kiwango cha wenyeji akapata punguzo juu yake. Sheria ya kazi ya 2023 ikamtaka mwajiri awe na mpango wa kuwaandaa Waomani kwa nafasi za uongozi. Hizi ni lugha za mtu aliyechoka kuhesabu vichwa.

Sheria hiyo haiwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Hao wana kanuni zao pembeni, na ndiko waliko dada zetu wengi kutoka Mombasa, Tanga na Kampala.