Kabla ya grenda nyingine, jenga meza

Juzi nikipita Nyakato, hapa Mwanza, nilimwona kijana amechuchumaa kando ya barabara, amekanyaga bomba la chuma kwa kandambili huku analikata kwa grenda. Cheche zilikuwa zinamrukia vidoleni. Ana grenda, ana drili, mashine ya kuchomelea iko nyuma yake, ila mahali pa kuwekea kazi ni ardhini. Niliumia, kwa sababu hata mimi nimefanya kazi hivyo miaka mingi, na mgongo wangu unanidai mpaka leo.

Mji huu unajua chuma. MV Mwanza, meli ya zaidi ya mita 90, imeunganishwa hapa hapa Mwanza Kusini na kushushwa ziwani Februari 2023. Sasa inakuwaje sisi wenye vibanda vya magari nyumbani tuendelee kunyoosha bawaba juu ya jiwe? Ninachoamini ni kwamba meza ndiyo kifaa cha kwanza. Grenda ya pili isubiri.

Tena meza yenyewe iwe nzito. Ya kwanza nilitengenezewa na fundi mmoja mtaani kwa bomba la geji 18, lile la kutengenezea magrili ya madirisha. Ilipendeza kwa macho. Nilipofunga jiliwa, kile kifaa cha kubania kazi, na kuanza kulegeza nati iliyoshika kutu kwenye injini ya mtumbwi, meza nzima ilinifuata. Nikivuta spana, miguu inatambaa sakafuni. Nikigonga nyundo, nguvu inaishia kwenye mtikisiko na nati haisikii. Bomba la geji 18 lina unene wa milimita 1.2 hivi. Kwa dirisha sawa, kwa jiliwa hapana.

Ya pili nilijenga mwenyewe. Nilinunua mabomba mawili ya mraba, 50 kwa 50, unene milimita 3, kila moja mita 6, na bamba la milimita 6 lenye urefu wa mita 1.5 na upana wa sentimita 60. Bamba hilo peke yake lina kilo 42 na ushee, na meza nzima imepita kilo 90. Muuza vyuma alijaribu kunishusha: "Bosi, hiyo ni ya kujengea daraja, chukua nyembamba uokoe hela." Sikukubali, na nakuomba nawe usikubali. Hela unayookoa hapo utailipa kila siku utakayoshika spana.

Kuchomelea ndiko kunakoharibu meza nyingi. Chuma kikipoa kinajikunja kuelekea upande uliochomelewa, kwa hiyo ukimaliza kona moja yote kabla ya kugusa nyingine, fremu itapinda na hutainyoosha tena kirahisi. Shikiza kwanza kila kona kwa nukta ndogo, kisha pima mshazari kwa mshazari. Kwa fremu ya sentimita 150 kwa 60, mishazari yote miwili inatakiwa isome sentimita 161 na nusu. Ikipishana, gonga taratibu mpaka zilingane, ndipo uchomelee, ukiruka kutoka kona moja kwenda ile inayotazamana nayo. Fundi mzee wa Kisukuma aliyenifundisha kazi hii alikuwa akiniona nina haraka ananiambia, "Ng'wanawane," yaani mwanangu, "acha chuma kipumue." Nami huweka rodi chini.

Bamba la juu usilizungushie mchomeleo mfululizo, litabonyea katikati kama sahani. Mistari mifupi ya sentimita 3 kwa upande wa chini, yenye nafasi ya kiganja kati yake, inatosha kabisa. Weka pia bomba moja la kukatiza katikati ya fremu. Chini, kati ya miguu, nilifunga bomba pande tatu tu, upande wa mbele nikauacha wazi ili miguu yangu ipate pa kuingia. Masalio ya bomba nikayakata mishazari miwili ya kona za nyuma, na hiyo ndiyo iliyomaliza kabisa kuyumba. Jiliwa likae juu ya mguu. Ukilifunga katikati ya bamba, kila pigo la nyundo linadunda.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Nunua chuma cheusi, usinunue kilichopakwa zinki. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, na saa chache baadaye unapata homa, baridi na maumivu ya mwili mzima. Mafundi wengi wanakunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa hayaendi mapafuni. Kinachosaidia ni kutovuta moshi ule kabisa: fungua milango, simama upepo unakotokea. Na ile miwani ya jua inayovaliwa barabarani haizuii mwanga wa kuchomelea. Tumia kofia yenye kioo cheusi namba 10 au 11. Nimewahi kulala usiku mzima kama nimetiwa mchanga machoni, na sitamani mtu mwingine aupitie usiku huo.

Kwetu mlimani sakafu ni ya kubahatisha, nyumba nyingi zimekaa juu ya miamba na saruji imemwagwa kufuata mteremko. Kwa hiyo chini ya kila mguu nilichomelea nati ya bolti ya milimita 16, bolti ikaingia kutokea chini, kichwa chake ndicho kinachokanyaga sakafu. Nazungusha kwa spana mpaka maji ya pima maji yatulie. Urefu nilipima kwa mwili wangu: nilisimama, nikakunja mkono, nikataka mdomo wa jiliwa ufike usawa wa kiwiko. Mwanangu ni mrefu kuliko mimi, akitaka kufanya kazi anafungua bolti nyuzi chache.

Miguu na fremu nilipaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kwa sababu maji ya ziwa hayana chumvi lakini unyevu wa alfajiri tunao, na mvua zikianza chuma kitupu kinageuka rangi ndani ya siku chache. Juu niliacha bila rangi, maana ingeungua kwa cheche, na kebo ya ardhi ya mashine inataka kubana chuma kitupu. Kila Jumamosi jioni, nikishafagia vumbi la chuma, nalipangusa bamba kwa kitambaa chenye oili iliyotoka kwenye injini.