Aliyetangulia Kuajiriwa: Marubani wa US Airways na Vita ya Orodha

Ukimsimulia mtu kisa cha marubani wa US Airways na America West, kampuni mbili za ndege za Marekani zilizoungana na marubani wao wakazozania nani atangulie kwenye orodha ya ukongwe, aghalabu ataegemea upande wa wakongwe, yaani wale wa US Airways, papo hapo. Aliyetangulia kuajiriwa atangulie kwenye orodha, kuna la kubishania? Ndiyo maana wale wa America West wamesemwa miaka mingi kama vijana walioruka foleni. Hawakuruka.

Kwa rubani wa Marekani, nafasi kwenye orodha ya ukongwe huamua karibu kila kitu: ndege atakayorusha, kiti cha kapteni au cha msaidizi, kituo, likizo ya Desemba, na kampuni ikiyumba, nani aanze kupunguzwa. Akihamia kampuni nyingine huanzia mkiani. Kampuni hizo mbili zilipoungana Septemba 2005, ilibidi orodha mbili ziwe moja. Chama chao cha wakati huo, ALPA, kilikuwa na utaratibu wake: pande zijadiliane, zikishindwa msuluhishi aamue, na uamuzi wake uwe wa mwisho.

Mei 2007 msuluhishi George Nicolau alitoa uamuzi. Marubani 517 wa US Airways walikaa kileleni, kwa kuwa kampuni yao ndiyo iliyoleta ndege kubwa za safari za ng'ambo. Wengine takriban 1,700 wa kampuni hiyohiyo, waliokuwa wamesimamishwa kazi wakisubiri kuitwa, waliwekwa chini kabisa. Waliobaki walichanganywa kwa kutazama kila mmoja alisimama wapi kwenye orodha ya kampuni yake.

Hapo ndipo palipozuka hasira. Rubani wa US Airways mwenye karibu miaka 17 alijikuta jirani na mwenzake wa America West aliyeajiriwa miezi michache tu kabla ya muungano. Mfano huo umerudiwa mno, na kweli unauma. Lakini tuutazame vizuri. Huyo wa miaka 17 alikuwa nani katika kampuni yake? Alikuwa wa mwisho miongoni mwa waliobaki kazini. Chini yake walikuwa waliokwisha kusimamishwa peke yao, na punguzo jingine lingeanza naye. Katika kampuni yake, miaka 17 ilikuwa imempatia kiti cha mwisho, wala si America West iliyompokonya cha juu. Kumpandisha juu ya makapteni wa Phoenix, makao ya America West, kwa tarehe ya kuajiriwa pekee kungempa nafasi ambayo kampuni yake haikuwa nayo, nao wangeshushwa ili kulipia matatizo ambayo hawakuyasababisha.

Machungu ya wakongwe si ya kubuni. Kampuni yao iliomba ulinzi wa mufilisi mara mbili, 2002 na 2004. Mishahara ilikatwa, na mpango wa pensheni wa marubani ukasitishwa 2003. Aliyepoteza vyote hivyo akabaki na ukongwe tu lazima aushike kwa mikono miwili. Hilo silibezi hata kidogo.

Linalonishinda kulikubali ni hatua iliyofuata. Marubani wa US Airways walikuwa takriban 5,100, wa America West 1,900. Wengi hao waliunda chama kipya, USAPA, kilichoweka tarehe ya kuajiriwa ndani ya katiba yake, na Aprili 2008 kikaishinda ALPA kwa kura. Kubadili chama ni haki ya wafanyakazi. Ila hapa kura ilitumiwa kukwepa uamuzi ambao pande zote mbili zilikubali kabla kwamba ungekuwa wa mwisho, na watu 1,900 wangewashindaje 5,100 kwenye sanduku?

Marubani wa America West walikwenda mahakamani. Mwaka 2009 baraza la wazee wa mahakama liliwapa haki; 2010 mahakama ya rufaa ikasema shauri limeletwa mapema mno; 2015 mahakama hiyohiyo ya rufaa ikaamua kwamba USAPA ilikiuka wajibu wake wa kuwawakilisha wanachama wote kwa haki. Kufikia hapo kampuni ilikwisha kuungana na American Airlines, na orodha moja ya makundi yote matatu ilitoka Septemba 2016, miaka 11 baada ya muungano wa kwanza.

Na wakongwe walipata nini? Bila orodha moja hapakuwa na mkataba mmoja wa kazi. Kwa miaka mingi waliendelea kulipwa viwango vya ule mkataba wa kipindi cha kufilisika, chini ya wenzao wa kampuni nyingine kubwa. Nguvu zile za marubani 7,000 zingeelekezwa kwa mwajiri, zingeweza kudai miaka ya utumishi ihesabiwe kwenye mshahara na likizo bila kugusa nafasi ya mtu mwingine. Hicho ndicho kilichokuwa kikidaiwa wakongwe, na mdaiwa alikuwa mwajiri.