Muuza Matairi Kaniuliza Kama Nawapenda Wanangu

Jamani, kwani tairi siku hizi linauzwa kwa usaili? Nimetoka dukani sasa hivi, mikono bado inanuka mpira, na roho imechafuka kiasi kwamba hata redio nimeshindwa kuiwasha.

Chanzo ni fundi wa pancha, yule asiyejua kumpa mtu habari mbaya taratibu. Kainama tairi la mbele, kapitisha kidole kwenye kashata, yale matuta ya mpira yanayoshika barabara, kidole kikapita mpaka upande wa pili bila kukutana na kitu, kaniambia, "Bosi, hapa limebaki jina la kampuni tu." Kile kinundu kinachokaa ndani ya mfereji wa tairi, ambacho kashata ikilika ikafika usawa wake, yaani milimita 1.6, ndo unaambiwa basi imetosha, kwangu kimeshaanza kulika na chenyewe. Sawa. Nikajiambia mimi mtu mzima, nina leseni, nina heshima zangu, naingia dukani nachagua tairi nalipa naondoka.

Thubutu.

Yule kijana wa dukani aliniangalia viatu kwanza, akahamia kwenye gari, akarudi kwenye viatu. Akaniletea matairi mawili. La bei chee alilisukuma kwa mguu likaja lenyewe likayumba likaangukia ubavu, hata hakuhangaika kuliinua. Lile la bei ya juu alilibeba kwa mikono miwili kifuani, taratibu, utadhani anamtoa mtoto wodini. Akalisimamisha mbele yangu akalifuta vumbi ambalo halikuwepo. Kabla sijasema neno akaniuliza, "Mzee wangu, una familia?"

Nikasema ninayo.

"Huwa unawapakia?"

Sasa hilo nalo ni swali? Nikamwambia hapana, huwa wanakimbia nyuma ya gari. Hakucheka. Akaweka mkono juu ya lile tairi la kifahari, akashusha sauti, "Sikulazimishi, mzee wangu. Chagua mwenyewe. Ila mvua ikinyesha ukakanyaga breki, hapo ndo utajua unawapenda kiasi gani."

Nikaona nisikubali kuonewa na mtoto mdogo hivi hivi. Nikainama nianze kusoma ubavu wa tairi, maana na mimi nimekaa kwenye mabenchi ya mafundi miaka, si mgeni. 195/65 R15 91V. Nikamtajia kwa sauti ili na wateja wengine wasikie: upana milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 65 ya huo upana, ringi ya inchi 15, hiyo 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615, na hiyo V maana yake linavumilia mwendo wa kilomita 240 kwa saa. Mia mbili na arobaini! Gari langu likigusa mia tu usukani unaanza kusoma dua. Nikamuuliza hii V mimi naipeleka wapi, akanijibu bila aibu, "Ya akiba." Akiba. Mtu mwenye akiba angekuja kubishana na wewe hapa?

Nikahamia kwenye ile namba ya kashata, treadwear, ile wanayosema ikiwa kubwa tairi linakawia kuisha. La bei chee limeandikwa 400. La bei ya juu, lile la kifuani, 280. Nikamwita aje asome mwenyewe. Nikamuuliza, kwa hiyo mimi nitoe hela nyingi zaidi ili liishe mapema zaidi, ndo mpango wenyewe? Akasema mpira wake laini, unashika barabara, na kitu kinachoshika kinalika. Halafu akaongeza kwamba hiyo namba kila kampuni inajipima matairi yake yenyewe, kwa hiyo 400 ya huyu na 400 ya yule si lazima zilingane. Na hapo, bwana, alikuwa anasema kweli, ndo kilichoniuma. Yaani wanajisahihishia mtihani wenyewe, mimi mwanafunzi wa nyuma nabaki nashangaa matokeo.

Alipoona nimenywea akacheza karata ya mwisho. Akanong'ona kuna la bei ya juu limepunguzwa, seti moja tu imebaki, amenitunzia mimi. Ananitunzia vipi na hatujawahi kuonana? Likaletwa, linang'aa, limepakwa sijui mafuta gani. Nikalizungusha mpaka nikaipata ile duara ndefu baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho: 2316. Wiki ya 23 ya mwaka 2016. Hili tairi limeshafikisha umri wa kuandikishwa shule. Nikamuonyesha. Akaliangalia kwa huruma akasema, "Hilo limekomaa, mzee wangu."

Limekomaa! Mpira ukikaa unakauka, unapasuka vinyufa, hata kama haujawahi kugusa lami, kila fundi anakwambia hivyo, huyu ananiambia limekomaa. Mtu mzima ndo anakomaa, na hata huyo mtu mzima ukimfunga kwenye gari ukakimbia naye mwendo huo atapasuka.

Sasa ngoja niseme kitu bila utani kidogo. Mimi najua tofauti ipo. Sijakataa. Barabara kavu, mwendo wa taratibu, mjini, hayo matairi mawili hutayajua lipi ni lipi. Iloweshe barabara ndo utajua. Wenye hela wanatia silica, unga wa jamii ya mchanga, kwenye huo mchanganyiko wa mpira, wanachora mifereji ya kutoa maji, wanafanya majaribio mpaka basi, na ukikanyaga breki kwenye maji, kati ya tairi zuri sana na bovu sana tofauti inaweza kuwa urefu wa magari mawili matatu. Magari mawili matatu ni mtu mzima anayevuka barabara na mzigo wake. Najua! Na sehemu ya tairi inayogusa chini ni kama kiganja cha mkono tu, viganja vinne vimebeba gari zima na mama watoto na shangazi yake. Hayo yote nayajua, ndo maana nilienda dukani. Lakini hakuna mtu duniani anayenunua tairi la bei chee kwa sababu hawapendi wanawe. Ananunua kwa sababu hela iliyopo ndo hiyo, na akilala usiku anaiwaza hiyo breki hiyo hiyo unayomtishia nayo. Asiye na hela ananunua rahisi, linaharibika mapema au linamtupa, ananunua tena, mwisho wa hesabu kalipa zaidi ya tajiri, halafu bado anaulizwa kama ana upendo. Niulize ukubwa wa ringi. Upendo niachie mimi.

Basi. Nimenunua la katikati. Kumbe la katikati lipo, linakaa nyuma ya pazia, halitajwi mpaka ugeuke kuondoka. Zile kampuni kubwa nyingi zina majina madogo madogo pembeni yanayouzwa nafuu kidogo, bila mkono kifuani, na ukitazama cheti chake, tairi lina alama nzuri tu ya kushika barabara yenye maji. Nimechukua mawili, maana manne ni ndoto. Na mawili nayo ni vita: fundi anasema mapya yafungwe mbele kwa sababu ndo kwenye usukani, kitabu cha gari kinasema nyuma ili mkia usikutoroke kwenye maji, shemeji yangu, ambaye hana gari, anasema moja mbele moja nyuma ili iwe haki. Nimefunga nyuma. Shemeji kanuna.

Nafuu yangu ni jirani. Gari lake lina Mkorea mbele kulia, Mjapani mbele kushoto, Mwitaliano nyuma, na wa nne herufi zimefutika hajulikani kwao. Akikanyaga breki wanapiga kura kwanza, na yule asiyejulikana kwao ndo mwenye veto.

Halafu nikimfikiria Charles Goodyear nafarijika kidogo. Yeye ndo aligundua namna ya kuupika mpira na salfa mwaka 1839 usiyeyuke kwenye joto, akafa mwaka 1860 na madeni mpaka shingoni, kampuni yenye jina lake ikaja kuanzishwa 1898 na watu wengine kabisa. Yaani mwenye mpira wake mwenyewe asingeweza kununua seti nzima. Mimi nani?

Upepo sasa. Namba sahihi imeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva, mtu asome tu. Hapana. Kipimo cha kituo cha mafuta kinasema 26, cha fundi kinasema 33, changu kimekwama 40 hata kikiwa mezani, na yule kijana wa kujaza upepo hana kipimo, yeye anapiga teke anasikiliza. Anapiga teke, anainamisha kichwa, anasema "bado kidogo." Anasikia nini? Tairi lile lile ambalo maabara yenye mashine imelihangaikia miaka linamalizikia kwenye teke.

Na vifuniko vya valvu vinaenda wapi? Hilo mimi ndo nataka mtu anijibu. Matairi manne, vifuniko vitatu, ukinunua vipya vinne, kesho vitatu. Haviwi viwili, haviwi kimoja, vitatu. Ni nani huyo ana gari lenye vifuniko vyote, na anavitoa wapi, na kwa nini anachukua kimoja kimoja